Flashi au diski ya nje: kazi yako uiweke wapi?

Mwanafunzi wa Goma anayebeba kazi yake ya kumaliza chuo hadi dukani kuichapisha huvutiwa na flashi: ni ndogo, bei nafuu, na ndani hakuna kinachozunguka, kwa hiyo ikianguka kwenye mawe ya lava huenda isidhurike. Ubaya wake, hufa bila kuaga. Tena za bandia zipo: imeandikwa GB 64, ndani ina 8. Faili zinanakiliwa vizuri, majina yanaonekana, ukizifungua hamna kitu. Kabla ya kuiamini, ijaze mpaka mwisho, kisha fungua faili za mwisho uone.

Diski ya nje ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kugusa. Ikianguka wakati inafanya kazi, ni hasara kubwa. Hata umeme kukatika katikati ya kunakili huweza kuharibu faili. Lakini mara nyingi hutoa dalili: inakuwa nzito kufungua faili, inagonga-gonga. Hapo acha kila kitu, okoa vilivyomo.

Mimi nasema diski ibaki nyumbani, flashi iende mjini na nakala tu, na ikirudi ipimwe virusi kwanza.