Muhuri wa PDMS mtupu na wa polikaboneti: upi unaacha viputo vichache?

Anayepanga grafini na boroni nitridi, yaani kristali nyembamba mno zinazolazwa tabaka juu ya tabaka, ana swali moja kabla ya kununua vifaa: viputo vitabaki vingapi katikati ya matabaka? Kwa kigezo hicho tunaupa muhuri (kifaa cha kuokota na kuweka kristali) wa PDMS mtupu, yaani mpira wa silikoni, alama 2 kati ya 5, na wenye utando wa polikaboneti, aina ya plastiki, 4.

Wa kwanza ni mwepesi kutengeneza: sehemu 10 za mpira kwa 1 ya kigandishi, ukishaganda unakata kipande, basi. Tatizo ni mafuta ya silikoni yasiyoganda. Yanahamia kwenye uso wa kristali uliogusa mpira, na tabaka linalofuata linayafunika humohumo.

Uchafu huo hautandai. Matabaka yanavutana kwa nguvu mpaka yanausukumia pamoja kuwa viputo, pembeni panabaki safi kabisa. Watafiti wa Manchester walionyesha mwaka 2016 kwamba kimo cha kiputo cha grafini ni karibu 0.11 ya nusu kipenyo chake, kiwe kikubwa au kidogo. Kwa hiyo chenye nusu kipenyo cha nanomita 500 kitainuka kama 55. Ukipima kwa hadubini ya ncha, inayopapasa uso kwa sindano, ukakuta kimezidi mno, shuku punje ngumu iliyosimama ndani kama mti wa hema. Hiyo haitoki kwa joto. Afadhali uanze upya.

Polikaboneti inadai kazi zaidi, lakini inalipa. Yeyusha asilimia 6 hivi kwenye klorofomu, dondosha tone kati ya vioo viwili vya hadubini, vitelezeshe kuvitenganisha, kausha, kisha tandaza utando juu ya PDMS. Okota kristali kwenye nyuzi 110, shusha kwenye 180. Muhuri uinamishe kidogo ili mguso uanzie upande mmoja. Hapo ndipo raha ilipo: mstari wa rangi, yaani ukingo wa mguso, unatambaa taratibu chini ya hadubini, na viputo vinakimbizwa mbele yake hadi ukingoni, vinatoka. Ukiushusha bapa, au kwa pupa, vinanaswa katikati. Penye mkunjo wa grafini navyo hukwama, hata ukienda polepole.

Alama moja tumeikata kwa sababu ya umaliziaji. Utando ulioyeyuka hubaki juu ya kristali, unaoshwa kwa klorofomu halafu isopropanoli, ndani ya kabati linalofyonza mvuke, na bado masalia membamba huonekana juu ya tabaka la mwisho.