Kulisi gari jipya Marekani: malipo ya mwezi yaulizwe mwisho

Aliyezoea kuagiza gari Japani, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, akalilipia ushuru na kukabidhiwa kadi yenye jina lake, hushangaa akiingia duka la magari mapya Ohio au Texas kuchukua gari kwa lisi (lease), yaani kulikodi kwa mkataba wa miaka michache. Kabla hata ya kutaja bei ya gari, muuzaji anamwuliza: "Kwa mwezi ungependa kulipa kiasi gani?" Usijibu swali hilo. Ukishataja dola 400, kazi yake inakuwa ni kupanga tarakimu nyingine zote mpaka zifike 400, na ziko nyingi za kuchezea.

Katika lisi hununui gari. Unalipia thamani litakayopoteza likiwa mikononi mwako, kwa kawaida miezi 24 hadi 39, na juu yake unalipa riba. Kadi inabaki kwa kampuni ya fedha, ambayo ndiyo mwenye gari. Muda ukiisha unalirudisha, au unalinunua kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Huduma yenyewe si ya kitapeli. Tatizo ni kwamba inauzwa kwa namna inayoficha hesabu, na hesabu hiyo ni ya dakika tano tu kwa kikokotoo cha simu.

Malipo ya mwezi yana vipande viwili. Cha kwanza ni uchakavu: chukua bei ya mkataba (bei mliyopatana pamoja na ada zilizoingizwa humo), toa thamani ya mabaki (thamani ambayo gari linakadiriwa kubaki nayo mkataba ukiisha), gawanya kwa idadi ya miezi. Cha pili ni riba: jumlisha bei ya mkataba na thamani ya mabaki, kisha zidisha kwa desimali ndogo ambayo wauzaji huiita MF (money factor). Wengi hukwama hapo kwenye kujumlisha. Deni lako linashuka polepole kutoka bei ya mkataba hadi thamani ya mabaki, kwa hiyo riba inatozwa kwenye wastani wa viwili hivyo. Kugawanya kwa mbili kupata wastani, na kwa 12 kupata mwezi, kumeshafanywa ndani ya MF. Ndiyo maana ukizidisha MF kwa 2,400 unapata riba ya mwaka kwa asilimia. MF ya 0.00250 ni asilimia 6.

Tuweke mfano. Gari lina bei ya rejareja inayopendekezwa na kiwanda, yaani MSRP, dola 30,000. Mmepatana 28,000, na ada ya kufungua mkataba ya 650 ikaongezwa humo: bei ya mkataba ni 28,650. Thamani ya mabaki ni asilimia 58, na asilimia hiyo hupigwa kwenye MSRP, si kwenye bei mliyopatana: 17,400. Miezi 36. Uchakavu ni 11,250 ukigawanya kwa 36, yaani 312.50. Riba ni 46,050 mara 0.00250, yaani 115.13. Jumla ni dola 427.63 kwa mwezi kabla ya kodi.

Sasa punguza bei ya gari kwa 1,500 zaidi. Malipo yanashuka hadi 382.21, zaidi ya dola 45 kila mwezi, bila kugusa kitu kingine chochote. Hapo ndipo penye nguvu yako. Thamani ya mabaki huwekwa na kampuni ya fedha na haishushwi wala kupandishwa mezani; maduka mawili ya chapa moja yanayotumia kampuni ileile yatakupa asilimia ileile kwa gari lilelile, muda uleule na maili zilezile. Wakikutajia asilimia tofauti, mmoja wao kakosea au anakuficha kitu.

MF inahitaji jicho kali. Kampuni ya fedha humpa muuzaji kiwango cha chini kwa mteja mwenye historia nzuri ya mkopo, na mara nyingi muuzaji anaruhusiwa kuongeza chake juu. Kwenye mfano wetu, ikiwa kiwango halisi kilikuwa 0.00210 akakiandika 0.00250, umeongezewa dola 18.42 kwa mwezi, 663 kwa mkataba mzima. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 ya mikataba ya lisi inamlazimisha mwenye gari aandike uchakavu, jumla ya riba kwa dola, na fedha zote za siku ya kusaini. Haimlazimishi kuandika MF wala kiwango cha riba kwa mwaka. Muuzaji akikataa kukutajia MF, itafute mwenyewe: chukua jumla ya riba, gawanya kwa miezi, kisha gawanya kwa jumla ya bei ya mkataba na thamani ya mabaki. Kwetu hapa 4,144.50 kwa 36, kisha kwa 46,050, inarudi 0.00250 kamili.

Kupatana bei kufanyike kwa barua pepe, ukiwa nyumbani, na maduka yasiyopungua matatu ya chapa ileile. Taja gari lenyewe kwa namba yake ya stoo, si "gari kama lile". Omba vitu hivi kwa maandishi: bei ya gari kabla ya punguzo lolote la kiwanda, punguzo la kiwanda peke yake, MF, asilimia ya mabaki, ada zote, na jumla ya fedha za siku ya kusaini. Kutenganisha punguzo la kiwanda ni muhimu mno. Muuzaji atasema "nimekushushia 2,500" kumbe 2,000 ni za kiwanda ambazo ungezipata hata kwa jirani yake, na yeye katoa 500. Kama una gari lako la zamani la kumwachia muuzaji kama sehemu ya malipo, bei yake ijadiliwe baada ya hayo yote kuandikwa. Kama gari hilo bado lina deni kubwa kuliko thamani yake, angalia bei ya mkataba kwa makini, maana tofauti hiyo huingizwa humo na utailipia kwa riba.

Kianzio kikubwa ni kosa la kawaida kuliko yote. Watu wetu hupenda kupunguza deni mapema, na kwa mkopo wa kununua ni busara. Kwenye lisi, ukitoa dola 4,000 leo na gari likaharibika kabisa kwenye ajali mwezi wa tatu, bima inailipa kampuni ya fedha. Kinga ya GAP, ambayo mikataba mingi inayo ndani yake (hakikisha), inafunika pengo la deni lililobaki. Kianzio chako hakirudishwi na yeyote. Lipa mwezi wa kwanza, ada za usajili, na kodi inayodaiwa hapohapo, basi.

Matangazo ndiyo hutegemea kianzio. "Dola 249 kwa mwezi, miezi 36, dola 3,999 siku ya kusaini." Ikiwa hizo 3,999 zina malipo ya mwezi wa kwanza ndani yake, ongeza miezi 35 ya 249: jumla 12,714. Gawanya kwa 36, ni dola 353 kwa mwezi, tena kabla ya kodi katika majimbo mengi. Na matangazo ya zamani ya magari ya umeme yenye punguzo la dola 7,500 la serikali kupitia lisi yapuuzwe. Msamaha huo wa kodi ulikoma tarehe 30 Septemba 2025.

Ada nyingine kwa haraka. Ya kufungua mkataba huwekwa na kampuni ya fedha, na baadhi ya wauzaji huiongezea. Ya makaratasi ni ya muuzaji: California sheria imeiwekea kikomo, Florida haina kikomo. Kodi hutegemea jimbo. Mengi hutoza kila malipo ya mwezi, ilhali Texas hutoza bei nzima ya gari, jambo linaloifanya lisi huko iwe ghali kuliko mfano wetu.

Maili nazo. Mikataba huwa ya maili 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ni senti 15 hadi 30. Anayeendesha 16,000 kwa mkataba wa 12,000 atadaiwa dola 3,000 mwisho wa miaka mitatu, kwa senti 25. Hesabu safari zako za kweli, pamoja na harusi na misiba ya jimbo la pili, kisha nunua maili mwanzoni. Kwa kawaida huwa rahisi kuliko kulipia ziada.

Kwa hiyo inamfaa nani? Mwenye historia nzuri ya mkopo, safari zinazotabirika, na nia ya kuwa na gari chini ya dhamana ya kiwanda wakati wote. Dhamana ya kawaida ni miezi 36 au maili 36,000, kwa hiyo mkataba wa miezi 42 unakuacha nje ya dhamana na matairi mapya ya kununua. Haimfai anayebeba abiria wa Uber: mikataba mingi inakataza kazi ya kubeba abiria kwa malipo, na maili zenyewe zingemmaliza. Haimfai mgeni asiye na alama za mkopo. Atapewa MF ya juu, au atakataliwa. Wala asiifikirie anayepanga kulisafirisha gari nyumbani, kwa kuwa si lake. Na bima ni lazima iwe kubwa, mara nyingi yenye kikomo cha juu kuliko kile cha chini cha jimbo, kwa hiyo ulizia bei yake kabla ya kusaini.

Kabla, nasema, kwa sababu baada ya kusaini dukani hakuna siku tatu za kubadili mawazo kama wengi wanavyoamini. Kanuni ya shirikisho ya siku tatu haihusu gari lililochukuliwa kwenye duka la muuzaji. Na kuvunja mkataba mapema kunaweza kugharimu maelfu ya dola.

Siku 60 hadi 90 kabla ya kurudisha, agiza ukaguzi wa awali, ambao kampuni nyingi huufanya bure. Mchubuko mdogo husamehewa. Rimu iliyokwaruzwa na kioo chenye ufa hutozwa. Tairi likibaki na kina cha chini ya milimita 3 hivi, kwa mikataba mingi linahesabiwa kipara. Badilisha mwenyewe kwa saizi na kiwango kilekile. Tafuta ufunguo wa pili, kwani usipoonekana utaulipia. Linganisha pia bei ya kununua iliyo kwenye mkataba na bei ya soko: mwaka 2021 na 2022 magari yaliyotumika yalipanda hivi kwamba wengi waliorudisha tu funguo waliacha maelfu ya dola mezani. Ukirudisha, kuna ada ya kurudisha, kwa kawaida dola 300 hadi 500, ambayo mara nyingi husamehewa ukichukua gari jingine la chapa hiyo. Piga picha pande zote nne, rimu, viti na maili kwenye dashibodi, chukua karatasi iliyosainiwa yenye maili hizo, na uitunze mpaka bili ya mwisho ifike.