TAHADHARI: Yule muuzaji wa seva za "BIOS kwa siriali" ni tapeli

Jamani, ni yule yule wa seva za mtumba, anayejinadi kwamba mashine zake unaingia BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoiwasha kabla ya diski kusomwa) kwa siriali (poti ya kutumia maandishi tupu kwa kebo) ukiwa mbali. Msimpe hata senti. Ni mwizi, na kinachouma zaidi ni kwamba anaowanasa si wageni wa kazi hii.

Mchezo wenyewe uko hivi. Seva iko sakafuni, haina skrini wala kibodi. Kebo inatoka kwenye poti ya pini 9 hadi kwenye laptopu, taminali (dirisha la maandishi) imefunguliwa kwa kasi ya 115200, 8N1, yaani mpangilio wa kawaida wa siriali. Anawasha. Feni zinavuma kwa nguvu, zinatulia. Taminali bado nyeusi, naye anajaza kimya kwa maneno: "Inakagua memori, subiri kidogo." Mara fremu ya vistari inajichora, menyu inatokea, mstari mmoja umeng'aa. Hapo ndipo anakusogezea laptopu. Unabonyeza mshale wa chini, mng'ao unashuka. Unachagua mstari wa kuwasha upya, feni zinavuma tena. Nani asingeamini? Vidole ni vyako, na mashine imetii kabla Linux haijaanza kupanda!

Ile si BIOS. Ile ni GRUB, programu inayopakia Linux, na GRUB inakaa kwenye diski. Ndani ya /etc/default/grub unaweka GRUB_TERMINAL=serial na GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200", unaendesha update-grub, basi. Kompyuta yoyote ya kawaida yenye COM1 (poti ya kwanza ya siriali) itakutolea menyu ile, hata kama BIOS yake haijawahi kutuma herufi moja kwenye siriali. Huo mstari wa kuwasha upya kaupachika mwenyewe.

Halafu diski haiuzi. Unaweka yako, taminali inabaki kaburi. Mpangilio wa kuwaka ukivurugika seva ikiwa chumba cha mbali, lazima mtu afunge safari na skrini na kibodi mkononi, jambo lile lile ulilolipia ili lisitokee.

Na kebo anazoongezea kama zawadi ni za TTL (siriali ya volti ndogo, ya chipu kwa chipu) ya volti 3.3, yeye anaziita RS-232, yaani siriali ya poti ya seva. RS-232 inaweza kufika volti 15 chanya au hasi. Chomeka uone chipu inavyokufa.

Mtu huyu afutiwe matangazo yake yote, arudishe pesa za watu, na ashtakiwe. Si kosa la kutojua: anayejua kuandaa GRUB namna ile anajua vizuri sana anachokificha.

Dalili zake: taminali haiandiki chochote kabla ya menyu. BIOS yenye Console Redirection ya kweli (kutuma skrini yake kwenye siriali) huanza kuandika kwenye POST, ukaguzi wa mashine inapowaka, diski haijaguswa. Kwenye menyu yake bonyeza c, andika fwsetup. Kama ni UEFI (BIOS ya kisasa), mashine inarudi kuwaka na kuingia kwenye mipangilio. Taminali ikifia hapo, umeshapata jibu. Mwambie pia ang'oe diski zote kisha awashe, ataleta visingizio. Na akikubali, zunguka nyuma ya seva uhakikishe hakuna fleshi iliyochomekwa.