Isabgol au chakula chenye nyuzinyuzi kwa anayevaa kizibo cha nyuma?

Anayevaa kizibo cha njia ya haja kubwa kwa saa nyingi anahitaji choo laini kilichoshikana, na gesi kidogo. Hapo naipa isabgol (maganda ya mbegu za psyllium, yenye nyuzinyuzi, yanayonywewa na maji) ushindi: hufyonza maji, kinyesi hutoka kizima, na haijazi tumbo gesi kama maharage. Lakini inataka glasi nzima ya maji kila unapoinywa; maji yakiwa haba inaweza kukukaba koo au kuziba utumbo.

Papai, mchicha na ugali wa dona ni nafuu, tena vinalisha mwili, ila matokeo hubadilika kwa mlo. Anayesafiri sana itamfaa isabgol; anayejipikia, chakula.

Kwa vyovyote, haja ikikubana kitoe kizibo mara moja, maana kuizuia hukausha choo. Ukiona damu, muone daktari.