Autopsy: programu ya bure inayomfaa mwanafunzi wa uchunguzi wa kidijitali

Kwa mwanafunzi wa chuo anayejifunza uchunguzi wa makosa ya mtandao, sijaona programu inayofundisha vizuri kuliko Autopsy, ambayo hutolewa bure na imejengwa juu ya zana za The Sleuth Kit zilizoandikwa na Brian Carrier. Ukiipa nakala kamili ya diski, hukuonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yanaweza kurejeshwa, historia ya kuvinjari intaneti na tarehe ambazo picha zilipigwa, kisha huyapanga matukio kwa mfuatano wa wakati.

Ninachokithamini zaidi ni uhakiki wa hashi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data ili kuonyesha kama imebadilishwa. Biti moja ikibadilika, hashi hubadilika yote, na hilo ni jambo zito, kwa kuwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama izingatie jinsi uadilifu wa ushahidi ulivyolindwa. Vyuo vinavyofundisha nadharia tupu vingeanzia hapa.

Kompyuta yenye RAM ndogo huelemewa, hasa wakati wa kutafuta maneno katika diski kubwa. Vilevile, programu hii haifungui simu iliyofungwa kwa nywila. Kazi hiyo huhitaji vifaa vingine, ambavyo ni ghali.