Nyota nne kwa mzee wa sanda wa Likoni, na ile moja niliyomkata

Kuna watakaoniona sina adabu kumpa mtu nyota kwa kazi ya mazishi. Sawa. Lakini mwezi uliopita ami yangu alifariki nyumbani saa kumi ya alfajiri na siku hio mimi ndo nilikua mwanamume mkubwa pale, mama wanalia, watoto wanalia, kila mtu ananiangalia mimi na wallahi sikujua hata naanza wapi.

Nikampigia huyu mzee, hashiki. Piga tena, hashiki. Ana kabambe yake, kisimu kile cha vitufe, ambayo nusu ya maisha yake haina chaji, ikabidi kijana apande boda amfuate dukani. Na duka lenyewe usitafute kibao, ni kichumba tu nyuma ya msikiti, jora la bafta juu ya meza, ubani na karafuu maiti kwenye makopo ya majani ya chai, mbao za kufunikia mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi anapolazwa maiti, zimeegemezwa ukutani, na nje kuna Hiace kuukuu ndo gari la maiti. Akatuma salamu anakuja saa mbili. Alifika saa tatu na nusu! Kumbe alikua anaosha maiti mwengine mtaa wa pili.

Alipofika lakini, yale mambo niliyokua nayapanga kichwani kama mlima aliyamaliza amesimama mlangoni. Kitambulisho cha marehemu kiko wapi, mpe huyu, nenda kwa naibu wa chifu sasa hivi kabla hajatoka ofisini, mtu akifia nyumbani kibali cha kuzika kinatoka kwake, akifia hospitali karatasi inatoka hukohuko. Na ile karatasi msije mkaipoteza, kaandikisheni kifo msipitishe miezi 6 mtakuja kuhangaika na cheti. Haya, nani anachemsha maji.

Mimi nikataka kitambaa kizuri cha sanda, kile kizito kinachong'aa, nikamwambia pesa ipo. Akanitazama, akachana bafta vipande vitatu kama kawaida ya mwanamume, hakunijibu hata. Miaka ya nyuma tulizika babu na watu fulani wa mjini, wale walitutoza kila kitu, mpaka ubani ulikua na mstari wake kwenye risiti.

Sasa hii ndo imenifanya niandike. Mimi mpango wangu ulikua nisimame nje na simu, nipokee watu, yeye na vijana wake waoshe. Akaniita, we si mwana wa nduguye? Ingia, kunja mikono ya kanzu. Nikamwambia mzee mimi sijui. "Hujui ndo maana nakwita."

Akanipa jagi. Maji ya vuguvugu aliyajaribu kwa kiwiko, vile mamangu anavyojaribu ya mtoto. Ami kafunikwa kutoka kitovu mpaka magotini, mzee kavaa glavu anapitisha mkono chini ya shuka haangalii, akamkamua tumbo taratibu sana, akamtia udhu, halafu tukaanza ubavu wa kulia kwa maji ya mkunazi. Ami yangu alikua fundi wa kupaka rangi mashua, kwenye kucha zake kulikua na rangi ya buluu iliyokauka. Mzee akachukua kijiti akaanza kuitoa, kucha moja moja, mimi namwagia, adhuhuri inakaribia watu nje washaanza kugonga mlango na yeye hana habari, mpaka vidole kumi vyote vikaisha. Maji ya mwisho yakawa ya karafuu maiti. Mpaka leo nikisikia ile harufu najiangalia kucha.

Tukamswalia hapo Likoni halafu feri, maana wazee wetu wamezikwa makaburi ya Kikowani, ng'ambo kisiwani Mombasa. Tulipishwa mbele ya foleni, na ndani ya feri yule mchuuzi wa mabuyu aliyekua anapiga kelele alinyamaza akavua kofia. Kaburini pia akanishusha mimi chini kupokea. Nilikua natetemeka, yeye juu ananielekeza kwa sauti ndogo, fungua fundo la kichwani, mlaze ubavu, aelekee kibla.

Watu wa huku wanamjua kwa mengi zaidi, mimi nilikua sijui. Maiti asiye na mwenyewe, anakwenda kumchukua kwa mafuta yake. 2020 wakati wa Korona, zile siku mazishi mwisho watu 15, yeye alikua haachi kwenda. Na Jumamosi baada ya alasiri anafundisha vijana kukata sanda na kufunga, mmoja analala chini anajifanya maiti. Nilikwenda wiki iliyopita, maiti akatekenywa akacheka darasa likavunjika, mzee mwenyewe akageuka ukutani mabega yanamtikisika. Wanawake wana mkewe, naye ana kikundi chake.

Ile nyota moja nimeikata kwa simu na kuchelewa. Na mlango wa nyuma wa ile Hiace umefungwa kwa kamba, jamani, njia nzima nimeushika. Na alimgombeza khalati yangu aliyekua analia mlangoni mbele za watu, ile ya nini?

Kazi yake mwenyewe hatozi, ni bafta na mbao na mafuta tu. Nikamtumia kwa M-Pesa na kuongeza kidogo. Siku ya hitima akala biriani, akanishika mkono pembeni akanipa mia na hamsini, noti ya mia na sarafu, chenji ya mafuta ya gari.