Miezi minne na upinde wa roda, Kayenze: uzoefu wangu kabla ya msimu wa kuwinda

Upinde ninaouzungumzia hapa ni wa roda, yaani ule wenye magurudumu mawili madogo kwenye ncha zake. Niliununua mwezi Desemba ukiwa umekwishatumika, kwa shilingi 650,000 pamoja na mishale sita ya kaboni, kutoka kwa muuzaji wa Arusha ambaye tulikubaliana naye kwa simu. Nembo yake imefutika, kwa hiyo siwezi kumtajia msomaji kampuni iliyoutengeneza. Niliuhitaji kwa sababu binamu yangu anayefanya kazi Windhoek amenialika tuwinde naye mwezi Juni, na Namibia ni miongoni mwa nchi zinazoruhusu kuwinda kwa upinde kwa masharti yaliyoandikwa. Hapa nyumbani sikukusudia kumgusa mnyama yeyote; sina kibali, na nilichotafuta ni mahali pa kufumia gunia tu.

Nianze na kasoro, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Muuzaji alinihakikishia kwamba urefu wa mvuto, yaani umbali ambao upinde huvutwa hadi mwisho, ni inchi 28, ambao ndio unaonifaa: upana wa mikono yangu ikinyooshwa ni inchi 70, na desturi ya wapiga mshale ni kuugawa kwa 2.5. Kwa wiki mbili ugwe, yaani kamba ya upinde, ulinichapa kigasha cha kushoto hadi kikawa na rangi ya zambarau, na kila nilipovuta hadi mwisho mkono wa kulia ulinipita shavu ukaishia karibu na sikio. Nilidhani ubovu ni wangu. Hatimaye niliifungua roda ya juu nikakuta kibati cha kurekebishia mvuto kimewekwa kwenye alama ya 30. Nilivirudisha vibati vya roda zote mbili kwenye 28 kwa spana ya alenki, kazi ya dakika kumi, na tangu siku hiyo ugwe haujanigusa tena. Yeyote anayenunua upinde uliotumika asiamini maneno ya simu. Aombe picha ya kibati hicho.

Mwanza inasifika kwa mawe yake, lakini kwa mpiga mshale sifa hiyo ni balaa. Mshale wa kaboni ukigonga jiwe waweza kupata ufa usioonekana, kisha ukapasuka unapoachiwa mara inayofuata na kukuingia mkononi. Kwa hiyo nilihamia Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kiwanja cha shemeji yangu chenye kichuguu kikubwa kuliko choo chake, kinachofaa kuzuia mishale, na kabla ya yote nikamwarifu mwenyekiti wa mtaa. Shabaha niliitengeneza mwenyewe kwa kiroba kikubwa cha salfeti kilichoshindiliwa vipande vya vitambaa ambavyo mafundi cherehani wa Makoroboi huvitupa. Nyuma yake nilitundika nyavu kuukuu za dagaa, zikiwa zimelegea, maana wavu uliokazwa hupenywa ilhali uliolegea huumeza mshale. Kiroba hicho kimenishangaza kwa ubora: mshale hutoka kwa vidole viwili, na gharama yake yote haikufika shilingi 15,000.

Upepo nao ni mwalimu. Alfajiri huvuma kidogo kutoka nchi kavu kwenda ziwani na mishale hukaa pamoja. Ikifika saa tisa alasiri ziwa hurudisha upepo kwa nguvu, na mshale ule ule kwa mita 30 husogea kiasi cha upana wa kiganja. Mazoezi ya asubuhi pekee yangenidanganya.

Jirani mmoja mzee, ambaye miaka ya 1980 alikuwa sungusungu na bado ana upinde wake wa mti nyumbani, alikuja kutazama. Aliishika roda ya chini, akaizungusha kwa kidole, akaniuliza, “Mwanangu, huu ni upinde au baiskeli?” Nilimpa auvute. Uzito wa kuuvuta ulikuwa umewekwa pauni 60, na alipofika mwisho mzigo ulipungua ghafla hadi kama pauni 12, jambo ambalo upinde wa mti haulifanyi, akacheka kwa mshangao na kutaka kuuachia bila mshale. Nilimdaka mkono. Upinde wa namna hii ukiachiwa mtupu, nguvu iliyokusudiwa mshale hurudi kwenye roda na mabawa, yaani sehemu mbili zinazopinda, na huenda ukavunjika papo hapo. Kabla ya kuondoka alisema sauti ya ugwe ndiyo itakayoninyima nyama, na hesabu inamuunga mkono: kwa mita 25 sauti humfikia mnyama kwa sekunde 0.07, wakati mshale wangu unahitaji zaidi ya 0.3. Nimejiwekea mpaka wa mita hizo 25, hata kama kwenye gunia napiga vizuri mita 40.

Kuhusu nguvu, Namibia inadai nishati isiyopungua futi-pauni 65 na mshale wa greni 450 (kama gramu 29) kwa wanyama wakubwa kama tandala na choroa. Sina kipima mwendo, kwa hiyo niliirekodi sauti kwa simu nikiwa mita 20 kutoka kwenye gunia. Kati ya mlio wa ugwe na kishindo cha mshale zilipita sekunde 0.32, ukiondoa muda wa sauti kurudi, mwendo ni kama mita 76 kwa sekunde, na kwa mshale wa greni 450 hiyo ni karibu futi-pauni 63. Pungufu, tena kwa kipimo kisicho cha uhakika. Nilikaza skrubu za mabawa yote mawili kwa mizunguko sawa hadi pauni 66, nikapata sekunde 0.31, yaani kama futi-pauni 68.

Vigumba vya kuwindia, yaani ncha zenye makali, vilinishangaza: vilikwenda sentimita 12 kushoto kwa vile vya mazoezi vyenye uzito ule ule, kwa sababu makali yake hushika hewa. Kukisogeza kidogo kidogo kiegemeo cha mshale hadi vyote vikutane kulinichukua Jumamosi nzima na gunia moja.

Sasa ninachokihesabu ni mshale wa kwanza tu wa kila asubuhi, niupigao nikiwa nimeketi kwenye kigoda, mwili haujapata joto. Katika asubuhi 30, mara 23 umeingia ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Naupa upinde nyota nne, muuzaji moja. Ugwe umeanza kutoa nyuzi karibu na roda ya chini. Naupaka nta ya nyuki, ila sitasafiri nao hivyo, na mpya nimeagiza ng’ambo kwa kuwa mjini sikuupata.